Kazi Mbili, Nyumba Moja

Akina mama wenzetu hutuuliza tunawezaje kulea watoto watatu hali sote wawili tumeajiriwa, mmoja muuguzi, mwingine mwalimu. Jibu letu ni fupi: katika nyumba yetu hakuna mwenye nyumba na msaidizi wake. Wenye nyumba ni wawili.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba wiki 2. Alipozaliwa kitindamimba wetu, baba hakuzimaliza wiki hizo sebuleni na wageni. Alipika uji, akachemsha maji, akafua nepi. Majirani walipomwona akizianika uani walicheka. Tuliwaacha wacheke; nepi zilikauka.

Lakini wiki 2 huisha, na zamu za usiku haziishi. Kwa hiyo kila Jumapili jioni, watoto wakishalala, tunaketi na orodha ya zamu na ratiba ya shule. Nani atakuwa nyumbani siku gani? Nani atampeleka mtoto kliniki? Mshahara wa yaya utatoka mfuko gani? Na aliyekesha kazini haamshwi kabla ya saa nane mchana, hata wageni wakija.

Jaribu kubwa lilikuja mama alipopata nafasi ya kusomea stashahada katika mji mwingine. Jamaa walisema mke hamwachii mume watoto. Tulihesabu karo, tukaomba, tukakubaliana aende. Baba aliacha kufundisha masomo ya jioni aliyokuwa akilipwa, na nyama tukaila Jumapili tu. Baadaye baba alipofanywa naibu wa mwalimu mkuu, mama naye aliomba zamu za mchana pekee, ingawa posho ya usiku ilimpotea. Hakuna aliyedai deni. Kila mmoja alijua zamu yake imefika.

Maandiko yanatukumbusha Akila na Prisila, mume na mke waliofanya kazi pamoja ya kushona mahema, na kanisa likakutana nyumbani mwao. Hatusomi kwamba kazi ya mmoja iliizima ya mwenzake.

Basi, dada mpendwa, usingoje mumeo aukisie uchovu wako. Keti naye Jumapili hii. Mwonyeshe zamu zako, umwulize zake, kisha mgawane wiki kabla wiki haijawagawanya ninyi.