Makala

Hapa Lubumbashi, baridi ya Juni na Julai ikiisha, mvua huwa bado mbali. Hata hivyo miti ya miombo huanza kutoa majani mapya mekundu, wadudu wakafuata majani, na ndege wakafuata wadudu. Mbayuwayu wa Ulaya huja baadaye, Oktoba hivi, wakikimbia baridi ya kwao.

Mimi humngoja kekeo mwenye kifua chekundu. Kumwona ni kazi, maana hujificha juu kabisa. Kumsikia ni rahisi: sauti tatu zinazoshuka, tena na tena tangu alfajiri. Mama humwigiza vizuri kuliko mimi, na si ajabu. Lugha yake ni Kibemba, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana ya neno. Kiswahili hakina toni za namna hiyo, nami nikijaribu, mama hucheka.

Mama anauza makala. (Wahadhiri wasichanganye na maandishi haya: mjini kwetu makala ni mkaa.) Makala hayo ndiyo yanayonilipia masomo, na yanatoka katika miombo ileile. Kila mwaka baiskeli zenye magunia zinatoka mbali zaidi, nami nakwenda mbali zaidi kumsikiliza kekeo. Septemba iliyopita nilimwuliza mama kama anamsikia huko anakonunulia.

“Zamani tulimsikia hapahapa uani,” akasema, akamjazia mteja ndoo.