Nyuzi 27 na Nyuzi 28

Daftari la Mjomba lilikuwa la shule, la kurasa 48, na jalada lake lilikuwa limelowa oili hadi unaona maandishi ya upande wa pili. Humo hamkuwa na madeni ya wateja. Mlikuwa na safu za tarakimu: pauni na bar, Farenhaiti na Selsiasi, inchi na milimita. Nilipoingia gereji kwake Unga Limited, Arusha, mwaka 1988, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kulinakili upya, maana lilishaanza kuachia kurasa.

Gari zetu wakati huo zilikuwa Land Rover Series III. Kwa presha ya oili, ziliwekewa taa tu kiwandani. Taa ikiwaka, umeshachelewa. Kwa hiyo wenye magari walituletea geji za kuongeza, kila moja na kwao: za Uingereza zilisoma pauni na Farenhaiti, za Ujerumani bar na Selsiasi. Tundu la dashibodi halikutusumbua, kwani inchi mbili na sehemu moja ya kumi na sita ni milimita 52 na kidogo. Zote zilikaa. Kazi ilikuwa kuzisoma.

Injini ile ya petroli ya lita 2.25 ikishapata moto na gari linatembea, presha hutakiwa iwe kati ya pauni 35 na 65 kwa inchi ya mraba. Dereva mmoja, mtu mzima aliyezoea pauni miaka yote, tulimfungia geji ya bar. Alirudi akivutwa kwa kamba. Mshale ulikuwa umesimama kwenye tatu na nusu, naye akazima injini palepale barabarani. Mjomba alizidisha kwa 14.5 kwenye kiganja chake. "Hamsini na kidogo, mzee wangu. Injini yako nzima." Halafu akachovya kijiti kwenye rangi nyekundu, akaandika 50 pembeni mwa kioo. Kuanzia siku ile hakuna geji iliyotoka kwetu bila alama ya rangi.

Mimi nilifundishwa na joto. Wengi tulikuwa na njia ya mkato: toa 30, gawa kwa mbili. Kwa hali ya hewa inafaa, maana Farenhaiti 80 inakupa 25 na hesabu kamili ni karibu 27. Lakini kadiri joto linavyopanda, ndivyo mkato unavyozidi kukudanganya. Mwaka 1991 tulikuwa tunapanda ukingo wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu, enzi hizo barabara ni ya vumbi, mshale ukagusa 230. Nikatoa 30, nikagawa, nikapata 100. Nikamwambia dereva twende, tutapoa juu. Kumbe ilikuwa 110. Gasketi ya silinda hedi iliungua kabla hatujafika kileleni, na wageni tuliokuwa tumewabeba wakakaa kando ya barabara hadi jioni. Bado linaniuma. Mjomba hakunigombeza. Alifungua daftari, akaandika chini ya ukurasa wa joto: toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9. Akapiga mstari mara mbili.

Kisha zikaja Land Cruiser, na geji za Kijapani zilizoandikwa kilopaskali mara mia. Namba 4 pale ni pauni 58, lakini madereva vijana hawakuhitaji kujua. Pauni hawakuzikuta. Rangi nyekundu ikakauka kwenye kopo. Siku hizi geji ya kidijitali unabonyeza kitufe tu, inahama kutoka bar kwenda pauni, au Farenhaiti kwenda Selsiasi, na hakuna wa kukosea kama nilivyokosea mimi. Nafurahi kwa hilo.

Kilichobaki vilevile ni uzi. Sensa ya geji ya Kimarekani ya moja ya nane ina nyuzi 27 kwa inchi. Tundu la oili kwenye injini ya Toyota lina nyuzi 28, na hata pembe za meno hazilingani, 60 huku na 55 kule. Ukiingiza kwa mkono inapita mizunguko miwili vizuri kabisa, kisha inagoma, na kijana anadhani ni kubana kwa kawaida. Akilazimisha kwa spana, itavuja, au ataharibu bloku. Tepu nyeupe haiponyi hapo. Dawa ni adapta ya shaba, nje 28, ndani 27.

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu alikuwa ameshashika spana. Nikampa sensa ya zamani ya Toyota, nikamwambia alaze meno ya sensa mbili pamoja mbele ya dirisha. Mwanzoni yalikumbatiana. Mbele kidogo yakaanza kupishana, mwanga ukapenya katikati. Akazigeuza, akatazama tena, akaweka spana chini na kuniomba adapta.