MIZANI YA KURA



Ndugu zangu, vijana wa mwaloni Kirumba wananiuliza: "Sheikh, hizi sheria mpya za uchaguzi zina jipya gani?" Swali zuri. Someni kwa utulivu.

Mwaka 2024 Bunge lilipitisha Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, pamoja na Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Jema limo, na kulificha ni dhulma. Mwaka 2020, katika majimbo zaidi ya 20, wagombea ubunge walipita bila kupingwa. Mwananchi hakuulizwa kitu. Sasa mgombea akibaki peke yake lazima apigiwe kura ya ndiyo au hapana. Hapana yako imerudishiwa thamani.

Lakini ewe mvuvi, umeshusha sangara, mnunuzi kaja na mizani yake, anapima mwenyewe, anaandika mwenyewe. Huenda ni mwaminifu. Je, moyo wako umetulia? Hautatulia mpaka mizani ikaguliwe na mwingine.

Tume imeitwa huru. Wajumbe wake sasa wanachujwa na kamati ya usaili, na hiyo ni hatua. Ila mwenyekiti anateuliwa na Rais, na Rais huyo huyo anaweza kuwa mgombea. Tena Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mbuzi wako akiibwa unakwenda mahakama ya mwanzo. Kura yako ya urais ikipunjwa, unakwenda wapi? Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha iliamua kuwa ibara hiyo inakiuka haki za binadamu.

Suratun Nisaa, aya ya 58, imetaja amana na uadilifu pamoja. Kura ni amana mkononi mwako. Anayeihesabu ni hakimu. Mmoja akiharibu, kazi ya mwenzake imepotea.

Basi msiseme, "Sipigi, haina maana." Mvuvi hasusi ziwa kwa sababu ya mizani, anavua, na anadai mizani ikaguliwe. Siwaambii mchague nani, membari si jukwaa la chama. Nawaambia: siku ya uchaguzi nendeni kwa amani, wala msiuze kadi zenu. Na uchaguzi ukipita, tuendelee kudai marekebisho ya Katiba, kwa hoja, bila matusi.

Wallahu a'lam.