Holašovice: Kijiji kilichobakiwa na watu wawili!

UKISIKIA Jamhuri ya Cheki, mawazo ya vijana wengi wa mjini hukimbilia Prague, na wale wapenzi wa soka watakutajia Pavel Nedvěd na Petr Čech, basi, wamemaliza. Leo, mpenzi msomaji, jiji tunalipita. Tunakamata barabara ya kusini, kama kilomita 150 hivi, hadi mji wa České Budějovice. Jina linakupiga chenga? Wajerumani huuita Budweis, na ndiko lilikotoka jina la bia ya Budweiser. Ahaa, umeshtuka!

Bia tuiache kwanza. Ukitoka mjini hapo kuelekea magharibi, kilomita 15 tu, unaingia Holašovice. Tamka “Holashovitse”, usijing'ate ulimi. Ni kijiji kidogo hasa, wakazi wake hawafiki hata 200. Kiko kwenye tambarare yenye mashamba na mabwawa ya samaki, na kwa upande mmoja unaiona milima yenye misitu, ukiwamo Kleť wenye mita 1,084.

Katikati ya kijiji kuna uwanja mrefu wa majani, mita 210 kwa 70. Viwanja viwili vya mpira ukivipanga kwa urefu, ndiyo huo. Ndani yake kuna bwawa la samaki, karakana ya mhunzi na kikanisa kidogo cha Mtakatifu Yohane wa Nepomuk kilichojengwa 1755. Nyumba za wakulima zimeuzunguka uwanja huo pande zote, zinautazama kama watu waliokaa wakiangalia ngoma.

Na nyumba zenyewe sasa! Kila moja imeugeuzia uwanja ubavu wake mwembamba, na ukuta wa mbele unapanda hadi kwenye paa kwa mikunjo na mapambo ya lipu, rangi nyeupe, manjano, waridi. Pembeni kuna geti kubwa la tao, mkokoteni wa nyasi unapita bila wasiwasi, na nyuma kuna ua, zizi na ghala.

Mtindo huo umetoka makanisani na kwenye majumba ya mabwana wakubwa. Wakulima waliuona, wakaupenda, wakaushusha kijijini kwao. Nyingi zilijengwa kati ya nusu ya pili ya karne ya 18 na karne ya 19. Huo ndio wakati mkulima wa huko alipoanza kupumua: mwaka 1781 Kaisari Joseph wa Pili alilegeza minyororo ya utwana, na 1848 kazi za lazima kwa mabwana wa ardhi zikafutwa. Kabla ya hapo kijiji hiki kilikuwa mali ya watawa wa monasteri ya Vyšší Brod, tangu 1292. Hebu piga hesabu, zaidi ya miaka 550! Mtu aliyetoka kwenye hali hiyo akipata chake, lazima jirani aone.

WAWILI TU

Lakini uzuri huo una historia nzito. Kati ya 1520 na 1525 tauni ilipiga hodi, na ilipoondoka walibaki hai watu wawili tu. Wawili, kijiji kizima! Karibu na kijiji pamesimamishwa nguzo ya kumbukumbu ya marehemu wale. Watawa hawakutaka mashamba yalale, wakaleta walowezi kutoka Bavaria na Austria. Hivyo kijiji cha Kicheki kikageuka polepole kuwa cha watu wanaosema Kijerumani. Mwaka 1895 walihesabiwa wenye asili ya Kijerumani 157, Wacheki 19.

Ndipo ikaja Vita Kuu ya Pili. Jeshi la Hitler liliishika nchi hiyo kuanzia 1939, na watu waliona mambo. Mwaka 1942 kijiji kingine, Lidice, karibu na Prague, kilifutwa kabisa, wanaume 173 wakapigwa risasi siku moja. Vita ilipokwisha 1945, hasira ikawarudia Wajerumani wa ndani. Wapatao milioni tatu walifukuzwa kutoka Chekoslovakia, wakabeba vifurushi tu. Hapakuwa na muda wa kuuliza nani alishirikiana na Hitler na nani alikuwa akikamua ng'ombe wake. Kwa wengi, lugha ya nyumbani ndiyo iliyotoa hukumu. Holašovice nayo ikakumbwa, nyumba nyingi zikabaki tupu.

Hapo ndipo penye kioja. Enzi za Wakomunisti kijiji kilisahaulika, na kwa kuwa hakuna aliyekihangaikia, hakuna aliyevunja ukuta wa babu ili aweke zege na madirisha ya kisasa. Baada ya utawala huo kuanguka 1989, kuanzia 1990 nyumba zilianza kukarabatiwa, watu wakarejea. Mwaka 1998 UNESCO ikakiingiza kijiji kizima kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, kile kinachopigwa picha na watalii leo kilihifadhiwa na msiba. Waliojenga kuta zile si mababu wa wengi wanaozipaka rangi sasa. Hilo halipunguzi sifa ya wanaozitunza, bila wao mvua ingekwishazimaliza. Ila ukizisifia, wakumbuke na wale waliofunga geti lile la tao wasirudi tena.

Ukibahatika kufika, nenda wakati wa kiangazi, majani yamekolea na jua linachelewa kuzama. Zunguka uwanja taratibu kwa miguu, gari liache pembeni. Na usichungulie madirishani, bwana! Hilo si jumba la makumbusho, mle ndani watu wanapika chakula cha mchana.