Toka London, kamata kitabu cha mtumba

Wabongo wengi wakitua Uingereza hawatoki London. Picha moja Tower Bridge, nyingine kwenye basi jekundu, kisha maduka ya Oxford Street yanamaliza pauni zote. Jamani, raha ya bei poa iko nje ya jiji, kwenye miji mikongwe. Unaondoka asubuhi, jioni umerudi.

Anza na Rochester, mkoa wa Kent. Treni ya kasi ya St Pancras haimalizi saa nzima. Kata tiketi ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, ila waache kwanza watu wa maofisini wapite, bei ishuke.

Pale kuna ngome ya mawe yenye kisa cha ajabu. Mwaka 1215 Mfalme John aliizingira ili awatoe waasi. Watu wake wakachimba chini ya ukuta, wakaegemeza magogo, kisha wakayawasha kwa mafuta ya nguruwe 40. Kona nzima chini! Waliojenga upya wakaifanya ya mviringo, ndiyo maana hadi leo kona tatu ni za mraba na moja imejitenga.

Ukishiba ngome, nenda High Street, uulize Baggins Book Bazaar. Kwa nje ni duka la kawaida tu. Ndani sasa! Rafu baada ya rafu, vijia vinapinda kama vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja. Vyote vitabu vya mtumba. Charles Dickens, aliyefariki mwaka 1870 nyumbani kwake jirani na mji huo, usishangae ukimkuta kila kona.

Siku nyingine panda treni hadi Canterbury. Watalii hukimbilia kanisa kuu, ambamo Askofu Mkuu Thomas Becket aliuawa Desemba 29, 1170. Nami niliingia, lakini kilichonipeleka hasa ni Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyehamia Uingereza akiwa kijana miaka ya 1960, akafundisha Chuo Kikuu cha Kent hapo hapo, na mwaka 2021 akanyakua Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Kwenye duka moja la mtumba nikakiona kitabu chake cha mwaka 1994, Paradise. Pauni tatu! Kinamhusu Yusuf, mtoto aliyetolewa na baba yake kulipia deni, enzi Wajerumani wanaingia kwetu. Ndani kulikuwa na jina la Mzungu aliyekisoma kabla yangu. Nikasimama pale, roho inaniuma. Hadithi ya pwani yetu mtu wa Kent kaisoma, kaimaliza, kaiuza, ndipo ikanifikia mimi. Kwa Kiswahili, Peponi, ilitoka mwaka 2022, miaka 28 baadaye.

Mimi shule yangu iliishia kidato cha nne. Cha tano na cha sita nimejisomesha kwa vitabu vya mtumba, kuanzia vile vya kupanga chini pale Posta, Dar. Shati la mtumba tunavaa bila aibu na tunapendeza. Kitabu je, kina kosa gani?

Angalizo kwa msafiri: vitabu ni vizito na ndege ina kilo zake. Punguza viatu.