Binti Niliyemkataza Uuguzi

Sisi watu wa pwani tukilisikia jina la Sumbawanga, neno la kwanza linalotutoka ni uchawi. Nilipokwenda huko mwaka 1984 kusomesha madrasa, mama yangu alinisomea dua mara tatu kabla sijapanda basi. Nilichokikuta kwenye uwanda wa Ufipa si uchawi bali ni baridi. Mwezi wa Juni na Julai kanzu peke yake haifai kitu, na maji ya kutawadhia alfajiri huuma vidole. Nikawakuta na watu wapole, wakulima wa mahindi, maharage na ulezi, wengi wao Wakristo, nasi Waislamu wachache.

Mwaka 1991 alinijia mzee mmoja wa mtaani pamoja na binti yake aliyemaliza kidato cha nne. Binti amepata nafasi ya kusomea uuguzi. Mzee akaniuliza, "Maalim, wasemaje?" Nami, bila ya kufikiri wala kufungua kitabu, nikajibu kuwa kazi ya zamu za usiku na kuwashika wanaume haimfai binti wa Kiislamu. Mzee akasema, "Umetutosheleza." Binti hakusema neno. Aliinamisha kichwa, wakaondoka. Mwaka ule ule akaolewa.

Mwaka uliofuata mke wangu alishikwa na uchungu usiku, na damu ikamtoka nyingi. Nikamfikisha hospitali, nikasimama mlangoni nikipaza sauti kwamba asiguswe na mwanamume. Akamshughulikia mama mmoja wa Kifipa, mwenye msalaba shingoni, hata kukapambazuka. Mungu akamnusuru mama na mtoto. Nilipotaka kumshukuru, yule mama akaniambia kwa upole, "Baba, ulivyotaka usiku ni haki yako. Lakini wauguzi wanawake wa zamu tulikuwa wawili tu. Nyinyi mabinti zenu mnawapeleka wapi?"

Sikuwa na jawabu. Nilirudi nyumbani nikafungua vitabu ambavyo ilinipasa kuvifungua mwaka wa nyuma. Nikamkuta Rufaida wa kabila la Aslam, ambaye hema lake lilipigwa katika msikiti wa Mtume (s.a.w.), na Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq alipelekwa humo auguzwe. Nikamkuta Ummu Atiya, aliyetoka katika vita saba akiwatazama majeruhi na wagonjwa. Nikamkuta Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, akieleza kuwa utabibu ni faradhi ya kifaya: wakiisimamia baadhi, wengine wamesalimika, wakiiacha wote, wote wana dhambi. Naye alilalamika kuwa miji mingi haina tabibu ila asiyekuwa Mwislamu, hali ya kuwa wanafunzi wanasongamana kwenye fiqhi. Basi ilikuwa kana kwamba ananisema mimi.

Tangu siku hiyo kila mzazi aliyeniuliza nimemwambia, "Msomeshe." Lakini nasaha isemwayo nusu ni hadaa, na mimi nusu ya pili sikuisema. Mzee mmoja aliuza ng'ombe wake kumsomesha bintiye stashahada ya uuguzi kwa miaka mitatu. Binti akafaulu, akapata leseni, kisha akakaa nyumbani. Mzee akanijia baada ya sala ya Ijumaa: "Maalim, ng'ombe wangu wamekwenda wapi?"

Mtu huyu alistahili jawabu, si waadhi. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa, na mwaka 2017 wakatajwa watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Ajira zimerudi baadaye, lakini kwa mafungu, na waombaji huzidi nafasi. Wagonjwa hawakupungua, kilichopungua ni fungu la mishahara. Hivyo hutokea mgonjwa akakosa muuguzi, na muuguzi akakosa kazi, nao wote ni wa mtaa mmoja.

Kwa hiyo leo husema hivi. Kwanza, mzazi asitoe ada mpaka ahakikishe kuwa chuo kimesajiliwa, na kuwa mtoto amefaulu Kemia, Biolojia na Fizikia, kwani bila ya leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga cheti ni karatasi. Pili, binti asiingoje kazi ya mjini peke yake. Zahanati za bonde la Rukwa na za mwambao wa Tanganyika nazo zina wajawazito. Tatu, na hili ni letu sisi: tunachangishana kupandisha minara, jambo jema, lakini wakfu wa zahanati moja ungewasitiri wake zetu na kuwaajiri mabinti zetu. Tukisema ni faradhi kisha tusiigharimie, tumewatwika wazee wenye ng'ombe mzigo wa umma mzima.

Yule binti wa 1991 sasa ni bibi. Nilimwendea nikamwomba radhi mbele ya mumewe. Akasema, "Nimekusamehe zamani, Maalim. Ila kila nikipita hospitali hutazama madirishani."

Mwenyezi Mungu atusamehe sisi tunaojibu haraka, na awape subira wanaobeba majibu yetu. Amin.