Mwanetu Ametimiza Miaka Minne

Mwanetu ametimiza miaka minne. Hatukuwasha mishumaa, tulipika pilau, tukamwombea dua. Siku hizi ana msimamo wake: buti za theluji avae mwenyewe, hata tukichelewa, nasi tukimsemesha Kiswahili, hujibu Kiingereza. Jambo hili limetukosesha usingizi.

Tangu mwaka 2023 jiji la Minneapolis linaruhusu adhana zote tano kwa vipaza sauti. Alasiri ya siku ile ilitukuta tumejilaza, tumechoka kwa kazi ya usiku. Mtoto akaja na kofia yetu mkononi, akasema kwa Kiswahili: "Baba, unaitwa."

Tuliinuka kwa haya. Kumbe asiyejibu huwa anasikia. Basi tusichoke kusema nao.

Wabillahi tawfiq.